Ajizi ya Barua Haizaliwi na Ufukara

Imeenea katika mabaraza yetu na katika magazeti, na hata katika vinywa vya wasomi ambao tungewatarajia kuyapima maneno kabla ya kuyatamka, rai isemayo kwamba serikali ikichelewa kujibu barua, sababu yake haikosi kuwa moja kati ya mbili: ama ni ufukara, kwa maana ya uhaba wa makarani, vyombo na fedha, ama ni tabia, kwa maana kwamba sisi watu wa pande hizi hatukulelewa kuuheshimu wakati, ilhali wenzetu wa Ulaya, na hasa Waingereza, ambao ndio waliotuachia mafaili na mihuri, barua kwao hailali mezani pasipo jibu. Rai hii husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri, na aghalabu hufuatiwa na nasaha kwamba mwandishi wa barua astahamili, kwani siku nchi itakapotajirika na watu wake wakastaarabika, majibu yatakuja yenyewe. Mimi naiona kuwa ni rai batili kwa pande zake zote mbili, na tena ni yenye madhara, kwa kuwa humwondolea lawama anayeistahili na kumtwika asiyeistahili. Na katika kuibatilisha nitachukua jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni barua na ripoti zipelekwazo serikalini juu ya matibabu ya meno ya umma.

Nimelichagua jambo la meno kwa makusudi, si kwa kukosa kubwa zaidi la kusema. Jino halimwui mtu upesi, ila kwa nadra, pale jipu linapoachwa mpaka usaha wake ukaingia damuni. Na kwa sababu hiyo maumivu yake, ijapokuwa hupita kwa ukali maumivu ya maradhi mengi yenye heshima kuliko ya jino, hayaitishi serikali. Lakini jino lina sifa ambayo wenye kuhukumu habari za barua hawaifikirii: tiba yake hubadilika kwa kadiri ya muda uliopita. Tundu dogo lililo katika ganda la nje huzibwa kwa kikao kimoja, na jino likaendelea kutafuna miaka mingi. Tundu hilohilo likiachwa likafika kwenye kiini, penye mshipa wa fahamu, halizibwi tena ila baada ya mzizi kusafishwa, kazi itakayo mtaalamu, vifaa na ziara zaidi ya moja. Na likiachwa kupita hapo, hubaki koleo tu. Kwa hiyo mtu aliyeandika kuuliza ni lini kituo chao cha afya kitapata tabibu wa meno, akajibiwa baada ya mwaka, hakujibiwa alichouliza, kwani meno aliyokuwa akiyatetea hayamo tena kinywani. Na jino lililokwisha ng'olewa halidai, halilalamiki, wala haliingii katika hesabu ya wangojao. Kuchelewa katika mambo haya hakuahirishi gharama, bali huifuta katika daftari la serikali na kuiandika katika kinywa cha raia, kwa pengo. Mwenye kudai kwamba kuchelewa kujibu ni upungufu mdogo wa adabu za ofisini, na atueleze kwa nini upungufu huo mdogo humfaidi daima yule aliyepungukiwa.

Sasa na tuitazame Uingereza, maadamu ndiyo itolewayo mfano. Huduma yao ya taifa ya afya ilifunguliwa tarehe 5 Julai 1948, chini ya waziri Aneurin Bevan, kwa ahadi ya kwamba matibabu hayatalipiwa mlangoni, meno yakiwamo. Na umma, ambao kwa vizazi ulikuwa umezoea kuvumilia vinywa vilivyooza, ulimiminika kwa madaktari wa meno kwa wingi uliozishinda hesabu zote zilizokuwa zimepigwa. Haikupita hata miaka mitatu. Mwaka 1951 meno ya bandia na miwani vilitozwa ada, na Bevan akajiuzulu kwa ajili hiyo mwezi Aprili mwaka huo. Mwaka uliofuata matibabu ya meno yenyewe nayo yakatozwa. Ninaikumbusha historia hii kwa sababu inaonyesha kwamba ahadi kubwa ile, ilipoanza kupunguzwa, ilianza kupunguzwa kinywani. Na tangu wakati ule meno yamekuwa katika nchi ile ni mtoto wa kambo wa tiba, anayekumbukwa mwisho na kupunguziwa mwanzo.

Tuuache ukale, tuje katika zama zetu. Tarehe 1 Aprili 2006 England ilianza kuwalipa madaktari wa meno kwa mkataba mpya uliozigeuza kazi zao kuwa vipimo vya kuhesabiwa, na ndani ya mkataba ule daktari aliyeziba jino moja na daktari aliyeziba meno sita ya mgonjwa mmoja walipata vipimo sawasawa. Hahitajiki mwanachuoni wa uchumi kubashiri matokeo yake: mgonjwa mwenye kinywa kibovu, yaani yule hasa mwenye haja kubwa ya tiba, alikuwa hasara kwa amtibuye. Mwaka 2008 kamati ya afya ya Bunge la Makabwela iliuchunguza mkataba huo na kuukosoa waziwazi. Mwaka 2009 uchunguzi huru, ulioongozwa na profesa Jimmy Steele kwa kuagizwa na serikali yenyewe, ukapendekeza njia nyingine. Majaribio yakafanywa, yakaitwa majina, yakabadilishwa majina. Na kanuni ile ya kulipa sawa kwa jino moja na kwa meno sita haikuguswa mpaka mwaka 2022, nayo ikaguswa kwa kulegezwa tu, si kwa kuondolewa.

Ndipo mwezi Julai 2023 kamati ya afya, ikiwa sasa na wajumbe wengine na mwenyekiti mwingine, Steve Brine, ambaye alikuwa mbunge wa chama kilekile kilichokuwa kikitawala, na kwa hiyo hawezi kusingiziwa fitina ya upinzani, ikatoa ripoti yake juu ya hali ya meno. Maneno ya ripoti ile hayakuwa ya kutafuta tafsiri: ilisema kwamba mkataba unahitaji kubadilishwa kutoka katika misingi yake, na kwamba jambo ni la haraka. Ilinukuu kura ya maoni ambayo ndani yake mtu mmoja katika kila kumi alikiri kwamba amewahi kujaribu kujitibu meno kwa mikono yake mwenyewe. Hii ni nchi iliyo miongoni mwa matajiri wa dunia, na raia wake wanashika koleo mbele ya kioo cha bafuni. Kwa mujibu wa ada ya Bunge lao, serikali hupewa miezi miwili kujibu ripoti ya kamati. Miezi miwili ikapita. Wa tatu ukapita. Na jibu lilipofika, mwaka 2023 ulikuwa unamalizika.

Na makarani hawakukosekana. Wizara ya afya ya nchi ile ina maelfu ya watumishi, ina mashine za kila namna, ina wanasheria na wachumi wa kuajiriwa, na ina waandishi stadi ambao kazi yao ni kuandika barua za mawaziri na si kingine. Wala halikukosekana somo la kuuheshimu wakati, kwani ni watu haohao tunaoambiwa kwamba treni yao ikichelewa dakika tano huombwa radhi kwa kipaza sauti. Basi ikiwa ufukara ndio mama wa ajizi, nani aliyeizaa ajizi hii? Na ikiwa tabia ya Mwafrika ndiyo inayochelewesha majibu, ni Mwafrika gani aliyekuwa amekalia faili lile pale London kutoka Julai hadi Desemba?

Watetezi wa rai ninayoibatilisha wakibanwa hapa huwa na kimbilio, na insafu yataka nilitaje: husema kwamba mambo makubwa hutaka fikira, na kwamba jibu la polepole lenye hekima ni bora kuliko jibu la haraka lililo tupu. Kauli hii ni njema, na lau ingekuwa ndivyo mambo yalivyokuwa, ningeikubali na kuiweka kalamu chini. Lakini swali halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha ulizwa mwaka 2008, likaulizwa tena na mtu aliyeagizwa na serikali yenyewe mwaka 2009. Kufikia mwaka 2023 lilikuwa na umri wa kijana anayekaribia kuota magego ya mwisho. Na zile fikira za miezi mitano zilizaa nini? Jibu liliutaja mpango uliokuwa ukiandaliwa, mpango ambao ulikuwa umekwisha ahidiwa hata kabla ya ripoti yenyewe kutoka. Mpango ukatangazwa mwezi Februari 2024, nao ulikuwa na fedha za kuwavutia madaktari waende mikoa yenye uhaba wa madaktari, na malipo ya ziada kwa kila mgonjwa mpya, na hesabu ya ziara milioni mbili na nusu zitakazoongezeka. Mwezi Novemba mwaka huohuo ofisi ya ukaguzi ya taifa ikasema kwamba mpango hauelekei kulifikia lengo lake. Na mwezi Aprili 2025 Kamati ya Hesabu za Serikali ikasema kwamba umeshindwa, na kwamba fedha na mkataba uliopo vyatosha kwa nusu tu ya watu wa England kumwona daktari wa meno wa umma katika kipindi cha miaka miwili. Niambieni, enyi wapenda hekima ya polepole, iko wapi hekima iliyonunuliwa kwa miezi ile.

Katika wiki ileile ya Februari 2024 mpango ulipotangazwa, zahanati moja ya meno katika mtaa wa St Pauls, mjini Bristol, ilianza kupokea wagonjwa wapya wa umma. Watu wakaja kwa mamia, wakapanga foleni iliyozunguka barabara, hata polisi wakalazimika kufika kuisimamia. Wale waliosimama pale kwenye baridi walikuwa wamekwisha piga simu zahanati moja baada ya nyingine, na wengi wakiambiwa kwamba kitabu kimejaa. Ni kawaida kwa wanahabari kuzipenda picha za namna hii, nami sizitegemei sana, kwa kuwa foleni huonyesha haja bila ya kuonyesha sababu. Ninaitaja kwa jambo moja tu: foleni ile ilikuwa ni barua, iliyoandikwa kwa miguu na watu waliochoka kuandika kwa kalamu.

Nirudi kwenye hoja ya ufukara, maana ndiyo yenye mizizi mirefu. Mwenye kuishikilia atasema: sawa, makarani walikuwako, lakini fedha za kutendea hazikuwako, na serikali isiyo na fedha hukosa la kujibu. Laiti ingekuwa hivyo. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23, karibu pauni milioni 400 zilizotengwa kwa ajili ya meno katika England hazikutumika kwa meno, kwa kuwa madaktari wengi walishindwa kuvifikia vipimo vya mkataba, au walikuwa wamekwisha ukimbia mkataba wenyewe, na fedha walizokuwa wamepewa zikarudishwa. Naomba msomaji alizingatie hili, kwa sababu ndani yake mna jibu la kwa nini barua haikuwa na haraka ya kujibiwa. Kila mwezi ambao mkataba ule mbovu ulibaki bila ya kuguswa, ulikuwa ni mwezi ambao fedha zilizotengwa kwa meno zilirudi kwenda kuziba mapengo ya hesabu mahali pengine. Sisemi kwamba mtu fulani aliketi akapanga njama. Njama hazihitajiki pale ambapo kunyamaza kuna faida na kusema kuna gharama. Waziri anayejibu barua ya meno kwa ukamilifu hana budi kusema ama kwamba atatengeneza mkataba, na hapo Hazina itamwuliza kwa fedha gani, ama kwamba hatautengeneza, na hapo wapiga kura watamwuliza kwa uso gani. Asiyejibu haulizwi na yeyote kati ya hao wawili.

Na ushahidi mkubwa kuliko wote umo katika serikali ileile, na katika mlango wa pili wa Bunge lilelile. Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo kazi yake ni kufuata senti za umma mahali zilikokwenda, nayo hutoa ripoti, nayo hudai majibu katika miezi miwili. Lakini majibu yake hayaachiwi wizara peke yake, bali hukusanywa na Hazina na kutolewa kwa hati maalumu, ambamo kila pendekezo hutajwa kwa namba yake na chini yake huandikwa kwamba serikali inalikubali au hailikubali, na likikubaliwa hutajwa mwezi na mwaka ambao litakuwa limetekelezwa. Na baadaye hutolewa hati nyingine ya kueleza lipi limetimia na lipi limekwama. Hapa hakuna nafasi ya kusema kwamba jambo linafikiriwa. Watumishi ni walewale, utamaduni ni uleule, chai wanayokunywa ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba nyuma ya kamati moja amesimama mwenye mfuko wa fedha, na nyuma ya kamati nyingine wamesimama wagonjwa wa meno.

Vivyo hivyo kwa barua ya raia mmoja mmoja. Mwingereza akimwandikia waziri wa afya kwa unyenyekevu, akimweleza kwamba mwanawe ana maumivu na daktari hapatikani, upo muda ulioandikwa ambao wizara zimejiwekea wa kujibu, walakini muda huo ukipita hakuna linalompata aliyeupitisha. Lakini raia huyohuyo akiandika chini ya sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000, iliyoanza kutumiwa na umma tarehe 1 Januari 2005, akataka apewe hesabu ya fedha za meno zilizorudishwa katika wilaya yake, ofisi ina siku 20 za kazi. Nazo zikipita, yupo Kamishna wa kulalamikiwa. Na amri ya Kamishna ikikaidiwa, jambo laweza kufikishwa mahakamani na mkaidi akahesabiwa kuwa ameidharau mahakama. Sisemi kwamba hapo hawachelewi, kwani wapo wachelewao na wapo wakwepao. Nasema kwamba hapo kuchelewa kuna jina na kuna mwenyewe. Mwenye kusoma barua mbili hizi kwa pamoja, za mtu mmoja kwa wizara moja, hataweza tena kuniambia kwamba kinachopunguza au kuongeza kasi ya jibu ni utajiri wa taifa au malezi ya karani.

Nikija nyumbani, nataka kwanza nimtetee karani, kwa sababu amelaaniwa kupita kiasi. Watu wetu wanapokosa jibu humwona yeye: mtu wa masijala, mwenye koti lililopauka, anayesema kwamba faili haionekani, au iko kwa mkubwa, au mkubwa yu safarini Dodoma. Lakini jaribuni kumtazama mtu huyohuyo siku ambayo barua imetoka kwa wakaguzi wa hesabu. Hoja za ukaguzi zikifika halmashauri, faili lililokuwa halionekani huonekana kabla ya adhuhuri. Afisa masuuli, ambaye dhima ya fedha iko shingoni mwake na ambaye ajua kwamba atasimamishwa mbele ya kamati ya Bunge aulizwe kwa jina lake, hulala ofisini na wahasibu wake. Na majibu huandikwa, hupigwa chapa na hubebwa kwa mkono ili yasichelewe. Mfadhili akiandika kwamba asipopata taarifa ya robo mwaka hataleta fungu lijalo, taarifa hupatikana. Basi karani anajua kusoma, anajua kupanga faili na anajua tarehe. Kilichokosekana katika barua ya wazazi wanaouliza kwa nini kiti cha meno cha kituo chao kimekaa mwaka mzima kwa kukosa kipuri si ujuzi wake, bali ni mtu yeyote wa kuulizwa kwa kutokujibu.

Wala ufukara wetu, ambao ni wa kweli na sina haja ya kuuficha, haufiki hapa. Ni kweli kwamba madaktari wa meno ni wachache, na walio wengi wako mijini. Ni kweli kwamba shule ya udaktari wa meno ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1979, haikuweza kuijaza nchi kubwa kama Tanzania kwa wahitimu wake. Ni kweli kwamba katika vituo vingi vya mashambani tiba ya jino ni ganzi na koleo, kwa kuwa kung'oa kunataka vifaa vichache na kuziba kunataka vingi. Haya yote ni sababu za kutokuwa na tiba. Hakuna hata moja iliyo sababu ya kutokuwa na jibu. Kuandika kwamba hatuna daktari, wala hatutampata kabla ya mwaka wa fedha ujao, na kwamba aliye karibu yuko hospitali ya mkoa siku ya Jumanne na Alhamisi, hakuhitaji kipuri wala msaada wa nje. Na mzazi aliyepewa maneno hayo machache atajua kwamba aazime nauli leo, badala ya kungoja. Serikali maskini, kwa kweli, ina faradhi kubwa zaidi ya kujibu upesi, kwa kuwa raia wake hana ziada ya kupoteza katika kungoja.

Mtu atasema kwamba huku kwetu majibu hutolewa, na ataonyesha karatasi yenye mhuri na kumbukumbu namba, iliyoandikwa kwamba barua yako imepokelewa na inashughulikiwa. Nimewahi kuzisoma nyingi za namna hii, na sioni kwamba ni majibu. Neno hilo halina mtendaji, halina tarehe na halina mwisho; huwezi kulikatia rufaa, kwa kuwa halikukukatalia, wala huwezi kulishukuru, kwa kuwa halikukupa. Ningelipendelea mara mia kukataliwa kwa maandishi, kwani mwenye kukataliwa anajua pa kwenda.

Na hapo sheria ya Kenya imekwisha tutangulia sote, ingawa watu wachache wameliona. Sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016, iliyotungwa kuipa nguvu ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010, humpa afisa siku 21 za kumjibu mwombaji, na pale habari zilipo nyingi au zinapohitaji mashauriano, humruhusu kuziongeza mara moja tu kwa siku nyingine 14. Na muda ukiisha pasipo jibu, sheria haimwambii mwombaji astahamili, wala haimtafutii karani udhuru, bali husema kwamba ombi lihesabiwe kuwa limekataliwa. Watungaji wa kifungu hiki hawakuwa washairi, walikuwa wanasheria wakitafuta mahali pa kuanzia rufaa. Lakini wamelisema waziwazi jambo ambalo baraza zima limekuwa likilikanusha, kwamba kunyamaza ni uamuzi, na kwamba una aliyeuamua. Kwa Tanzania Bara, sheria ya mwaka huohuo imeweka siku 30. Sheria mbili hizi ni za nchi ambazo kwa kipimo cha ufukara zilipaswa kungoja kwanza zitajirike.

Watu wengi hawanufaiki nazo kwa sababu ya namna wanavyoandika. Tumerithi kutoka kwa enzi ya watawala wa kigeni mtindo wa barua ya maombi, ambayo huanza kwa kujishusha na kumalizia kwa kumwombea mkubwa umri mrefu, na katikati yake ikaomba kituo kiletewe daktari. Na barua ya namna hiyo haina kifungu kinachoishika, kwani sheria ya habari haimlazimishi mtu kuleta daktari. Lakini ofisi ya kaunti nchini Kenya, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo iliyokabidhiwa hospitali na zahanati, haiwezi kwa sheria hiyo kukaa kimya ikiulizwa: ni madaktari na matabibu wangapi wa meno walioajiriwa katika kaunti hii, na wako vituo gani, fungu la meno katika bajeti ya mwaka uliopita lilikuwa kiasi gani, na lilitumika kiasi gani, kiti cha meno cha kituo fulani kiliharibika tarehe gani, nani aliarifiwa, na aliandika nini. Ombi hilo laruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, wala kuliwasilisha hakutozwi ada. Siku ya 22, ikiwa hakuna jibu wala barua ya kuongeza muda, kalamu isirudi kwa ofisi ile ile kwa ukumbusho wa pili na wa tatu, kama tulivyozoea. Nakala ya ombi, pamoja na ushahidi wa siku lilipopokelewa, ipelekwe kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, na ielezwe kwamba ombi limekataliwa tarehe fulani, na afisa fulani.